Kiungo cha Tela Kilichoundwa Gereji: Somo la Usalama kwa Wenye Pikapu

Msimu wa mavuno na msimu wa kiangazi huzipa pikapu nyingi za vijijini kazi moja, nayo ni kuvuta tela. Wakati wa mavuno tela hubeba magunia kutoka shambani hadi ghalani. Wakati wa kiangazi hubeba matanki ya maji, na mwaka mzima hubeba matofali, mchanga, mbao na saruji. Kwa kuwa magari mengi yaliyoingizwa nchini yakiwa yametumika hayakuja na kiungo cha kuvutia tela, wamiliki wengi humwendea fundi wa kuchomelea. Fundi hukata kipande cha chuma, hukitoboa tundu la pini, hukichomelea nyuma ya gari, na kazi huanza siku hiyohiyo.

Utaratibu huo hauna aibu. Mafundi wa kata zetu wameunda milango, madirisha, majembe ya kukokotwa na mikokoteni ambayo imedumu miaka mingi. Hatari haitokani na kiungo kuundwa gereji. Hatari ni kwamba aghalabu kiungo hicho huundwa bila hesabu ya nguvu zitakazopita ndani yake. Mshono wa dirisha ukiachia, dirisha huning'inia. Mshono wa kiungo cha tela ukiachia, tani nzima ya mzigo hubaki barabarani bila dereva, bila usukani na bila breki. Naye anayegongwa mara nyingi si yule aliyeokoa fedha kwa kuchukua chuma cha bei nafuu, bali ni mwanafunzi, mchuuzi au mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita njia yake.

Somo hili linaeleza nguvu hizo ni zipi, makosa yanayorudiwa mara kwa mara, namna kazi hiyo inavyopaswa kufanywa, na ukaguzi ambao kila dereva anaweza kuufanya bila vifaa vya gharama.

Nguvu zinazopita katika kiungo

Watu wengi hudhani kwamba kiungo hufanya kazi moja tu, yaani kuvuta. Kwa hakika hufanya tatu. Kwanza, huvutwa gari linapoondoka na husukumwa gari linapofunga breki. Pili, hukandamizwa chini na uzito wa mkono wa tela, na hurushwa juu kila gurudumu linapopita kwenye shimo au tuta. Tatu, huvutwa kando kila gari linapokata kona, na kila tela inapoyumba.

Nguvu hizo hazisimami mahali pamoja. Hugeuka maelfu ya mara katika safari moja ya barabara ya changarawe. Hapo ndipo jambo linaloitwa kuchoka kwa chuma linapotokea. Kila aliyewahi kujenga anaujua waya wa kufungia nondo: mtu hawezi kuukata kwa kuuvuta, lakini akiukunja huku na huku mara kadhaa hukatika kwa vidole. Kiungo dhaifu hukatika vivyo hivyo. Ufa mdogo huanza kwenye ukingo wa mshono, hukua kidogo kila safari, na siku moja chuma kilichobaki hakitoshi.

Kwa sababu hiyo, hoja ya kwamba kiungo fulani kimevuta tela mwaka mzima bila tatizo si ushahidi wa usalama. Kiungo kilichoundwa vibaya, kadiri kilivyofanya kazi nyingi ndivyo kilivyokaribia kukatika.

Mwendo nao huongeza hatari kwa kiwango ambacho wengi hawakitarajii. Nguvu iliyomo katika chombo kinachotembea hukua kwa mraba wa mwendo wake. Tela inayokwenda kilomita 80 kwa saa ina nguvu mara 4 ya ile inayokwenda kilomita 40 kwa saa, wala si mara 2. Aidha, pikapu yenye uzito wa kilo 2,000 inapovuta tela ya kilo 1,200 isiyo na breki, breki za pikapu hulazimika kusimamisha uzito uliozidi kwa asilimia 60, na sehemu yote ya ziada hiyo hupitia kwenye kiungo.

Uzito wa kiungoni na namna ya kuupima

Mzigo ndani ya tela ya ekseli moja haupaswi kusawazishwa kabisa juu ya magurudumu, wala kurundikwa nyuma. Sehemu ya uzito lazima ikandamize kiungo. Kipimo kinachotumiwa sana kwa tela za aina hii ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela pamoja na mzigo wake. Ukipungua sana, tela huanza kuyumba kushoto na kulia, na mwendo ukizidi myumbo hukua hadi kuliburuza gari. Ukizidi sana, nyuma ya gari huinama, magurudumu ya mbele hupungukiwa na uzito, na usukani huwa mwepesi kuliko inavyofaa.

Tuchukue mfano. Tela tupu ina uzito wa kilo 250, na imepakiwa magunia 10 ya mahindi ya kilo 100 kila moja. Jumla ni kilo 1,250. Uzito wa kiungoni unapaswa kuwa kati ya kilo 125 na kilo 187. Iwapo umbali kutoka ekseli ya tela hadi kwenye kiungo ni mita 3, kulisogeza gunia moja mita 1 kuelekea mbele huongeza takriban kilo 33 kwenye kiungo, na kulirudisha nyuma mita 1 hupunguza kiasi hichohicho. Magunia machache yaliyopangwa ovyo yanatosha kuibadili tela tulivu kuwa tela inayoyumba.

Kupima hakuhitaji mtambo. Mizani ya kupimia magunia, kama ile ya ghala la ushirika, inatosha, mradi uwezo wake hauzidiwi. Tela iliyopakiwa huwekwa mahali tambarare na magurudumu yake huzuiwa kwa magogo. Mkono wake huegemezwa juu ya kigingi cha mbao kilichosimamishwa katikati ya mizani, kwa kimo kilekile kinachokuwapo tela ikiwa imefungwa kwenye gari. Namba inayosomeka, baada ya kutoa uzito wa kigingi, ndiyo uzito wa kiungoni. Uzito huo huhesabiwa pia kuwa sehemu ya mzigo wa pikapu yenyewe. Aliyekwisha kujaza bodi ya gari hadi kikomo hana nafasi ya kuongeza tela.

Maji yanahitaji tahadhari ya pekee. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, kabla ya kuhesabu tanki na tela. Tanki lililojaa nusu ni hatari zaidi ya wengi wanavyodhani, kwa kuwa maji hukimbilia mbele gari linapofunga breki na hukimbilia nyuma linapopanda kilima, na uzito wa kiungoni hubadilika njiani. Ni afadhali tanki dogo lililojaa na kufungwa imara kuliko tanki kubwa lililojaa nusu.

Makosa manne yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni kufunga kiungo kwenye bampa. Bampa za pikapu nyingi ni bati lililokunjwa, lililoshikwa kwa bolti chache. Liliwekwa kwa ajili ya kulinda mwili wa gari na kubeba namba na taa. Isipokuwa pale ambapo mtengenezaji wa gari ameandika uwezo wa kuvuta kwenye bampa lenyewe, kiungo lazima kishikwe na chasisi, tena na mihimili yake yote miwili. Vilevile, kitanzi kidogo kilicho chini ya magari mengi kiliwekwa kwa ajili ya kufunga gari wakati wa kusafirishwa au kulivuta kwa muda mfupi likikwama. Hakikukusudiwa kuwa kiungo cha tela.

Kosa la pili ni kurefusha kiungo. Wapo wanaoongeza chuma ili tela isiguse bodi wakati wa kukata kona, au ili mlango wa nyuma wa bodi ufunguke. Hesabu ya urefu huo ni kali. Ikiwa magurudumu ya mbele na ya nyuma ya pikapu yameachana kwa mita 3, na kiungo kipo mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, uzito wa kiungoni wa kilo 100 huibebesha ekseli ya nyuma kilo 140 na kuipunguzia ekseli ya mbele kilo 40. Kiungo kikirefushwa kwa sentimita 60, ekseli ya nyuma hubeba kilo 160 na ya mbele hupungukiwa na kilo 60. Wakati huohuo, nguvu inayokipinda chuma pale kilipochomelewa huongezeka kulingana na urefu wake: chuma kilichotokeza sentimita 20 kikifanywa sentimita 80, mshono hubeba nguvu ya kupinda mara 4.

Kosa la tatu ni kuchagua chuma kwa ugumu wake peke yake. Vipande vya springi za magari hupendwa kwa kuwa ni vigumu, na vipande vya nondo hutumiwa kuwa pini kwa kuwa vinapatikana kila mahali. Lakini springi ina kaboni nyingi. Ikichomelewa kwa namna ya kawaida, bila kupashwa moto kwanza na kupozwa taratibu, eneo la kando ya mshono huwa gumu na lenye kuvunjika kama kigae. Nondo nayo ina mbavu zisizokaa sawasawa ndani ya tundu, hivyo hulila tundu, tena haikutengenezwa kuwa pini. Chuma laini cha ujenzi, bamba nene lisilo na kutu, hufaa zaidi kwa kuchomelea kuliko springi, ijapokuwa springi huonekana imara machoni.

Kosa la nne ni kuunganisha vitu visivyolingana. Tela nyingi ndogo hutumia tufe la chuma linaloingia ndani ya kikombe cha tela. Matufe hayo yana vipimo tofauti: lipo la milimita 50, lipo la inchi 1 na 7/8 ambalo ni takriban milimita 48, na lipo la inchi 2 ambalo ni takriban milimita 51. Kikombe cha inchi 2 kikifungwa juu ya tufe la milimita 48, huonekana kimekaa vyema gari likiwa limesimama, kisha huchomoka kwenye tuta. Kipimo cha tufe kwa kawaida hugongwa juu yake, na cha kikombe hugongwa juu ya kikombe, nacho lazima kisomwe kabla ya kununua. Tufe nalo huliwa: la milimita 50 lililopungua hadi milimita 49 hubadilishwa. Kwa viungo vya pini, pini lazima ijae tundu bila kuchezacheza, na lazima iwe na kifungo cha chini kisichoweza kutoka chenyewe. Kipande cha waya au msumari uliokunjwa si kifungo.

Namna kazi inavyopaswa kufanywa

Panapopatikana kiungo kilichotengenezwa kiwandani kwa ajili ya aina ile ya gari, hicho ndicho cha kwanza kufikiriwa, hata kama kimetumika, mradi hakijapinda wala kupasuka. Kisipopatikana, fundi anaweza kuunda kiungo kinachoaminika akizingatia mambo yafuatayo.

Mabamba mawili hufungwa ubavuni mwa mihimili miwili ya chasisi, na mtambaa panya mmoja wa chuma kizito huyaunganisha. Kiungo huwekwa katikati ya mtambaa huo, karibu na gari kadiri inavyowezekana. Mabamba hufungwa kwa bolti, hayachomelewi moja kwa moja kwenye chasisi. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha chasisi, hasa mshono unapokata mhimili kwa upana wake wa juu au wa chini, ambako nguvu ya kupinda ni kubwa kuliko kote. Matundu yaliyoachwa na mtengenezaji hutumiwa kwanza. Tundu jipya likihitajika, hutobolewa katikati ya ubavu, mbali na kingo.

Bolti huchaguliwa kwa namba iliyo kichwani mwake. Bolti yenye namba 8.8 ina nguvu ya kuvutwa mara 2 ya bolti ya ukubwa uleule yenye namba 4.6. Bolti isiyo na namba yoyote haifai kwa kazi hii. Nati ziwe za kujifunga zenyewe, na zikazwe upya baada ya safari chache za kwanza, kwa sababu rangi na kutu hubanwa na kuacha nafasi.

Mahali panapochomelewa lazima pasafishwe kwa grenda hadi chuma cheupe kionekane. Rangi, kutu na mafuta huacha matundu ndani ya mshono ambayo jicho haliyaoni. Chuma kilichopakwa zinki huondolewa zinki kwanza, kwa kuwa moshi wake humletea fundi homa na mshono wake huwa dhaifu. Vijiti vya kuchomelea vilivyolowa unyevu havitumiwi. Vile vya namba 7018 hasa huhitaji kutunzwa pakavu sana, la sivyo mshono unaweza kupasuka saa nyingi baada ya kazi kukamilika.

Iwapo kuchomelea kunafanyika karibu na gari, betri hutenganishwa ili umeme wa mashine usiharibu vifaa vya gari, tairi la akiba lililo chini ya bodi huondolewa, na tanki la mafuta, mabomba ya breki na nyaya hukingwa. Kizima moto huwekwa karibu.

Hatimaye huja minyororo ya akiba. Minyororo miwili hufungwa kwenye chasisi au kwenye mtambaa panya, kamwe si kwenye tufe au pini yenyewe, kwa kuwa vikikatika vitaondoka nayo. Hupishanishwa chini ya mkono wa tela kwa umbo la msalaba, ili mkono ukianguka ulale juu ya minyororo badala ya kuchimba barabara. Urefu wake utoshe kona, usiburuze chini. Kila mnyororo uwe na uwezo wa kuvuta tela iliyojaa. Mnyororo mwembamba wa kufungia lango hauna uwezo huo.

Tela isiyo na breki zake haipaswi kupewa mzigo mkubwa. Katika nchi nyingi za Ulaya ukomo wa tela isiyo na breki ni kilo 750, na kipimo hicho ni mwongozo mzuri hata pale ambapo barabara ni za vumbi.

Ukaguzi kabla ya safari

Ukaguzi ufuatao hauchukui zaidi ya dakika 10.

1. Kiungo hupanguswa vumbi na kutazamwa kwenye kila mshono. Mstari mwembamba wa kutu nyekundu au rangi iliyopasuka ni dalili ya ufa.
2. Mshono unaotiliwa shaka hupakwa mafuta ya taa, hufutwa ukakauka, kisha hupakwa unga wa chaki. Ufa ukiwapo, mafuta yaliyojificha ndani yake huchora mstari juu ya chaki. Kazi hii hufanywa mbali na moto.
3. Bolti hujaribiwa kwa spana. Tundu lililorefuka na kuwa kama yai ni ishara kwamba kiungo kimekuwa kikicheza.
4. Baada ya kufunga tela, mkono wake hujaribiwa kunyanyuliwa kwa jeki. Nyuma ya gari ikinyanyuka pamoja nao, kikombe kimeshika tufe. Kikombe kikitoka, safari haianzi.
5. Minyororo, pini na kifungo chake, matairi ya tela, taa za nyuma na viakisi mwanga hutazamwa kimoja kimoja.

Njiani, mwendo upungue. Tela ikianza kuyumba, dereva asikanyage breki kwa ghafla wala asiongeze mafuta. Ashike usukani sawasawa, aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, na asimame mahali salama apange upya mzigo. Tela si chombo cha kubebea watu, hata kwa safari fupi ya kutoka shambani.

Aidha, tufe la kuvutia lisitumiwe kunasua gari lililokwama matopeni kwa kamba ya kuvutika. Tufe likikatika huruka kama risasi. Nchini Australia, ambako safari za porini ni nyingi, watu wamepoteza maisha kwa namna hiyo.

Sheria na mahali pa kupata msaada

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha barabarani chombo ambacho hali yake inahatarisha watumiaji wengine. Kiungo kibovu kinaingia humo, hata kama gari lenyewe ni jipya. Mwenye gari anashauriwa pia kuijulisha kampuni yake ya bima kwa maandishi kwamba gari linavuta tela, na kutunza jibu lake, kwa sababu badiliko lisilotajwa linaweza kuzua mgogoro wakati wa kudai fidia.

Mwenye shaka kuhusu kiungo chake anaweza kuomba ushauri kwa askari wa usalama barabarani wa wilaya, ambao ndio hukagua magari, au kwa walimu wa vyuo vya VETA, wanaofundisha uchomeleaji na ufundi wa magari. Mafundi wanaotaka kuongeza ujuzi wanaweza kuulizia kozi fupi katika vyuo hivyo na huduma za SIDO za mkoa. Ofisi ya Mtendaji wa Kata hupokea taarifa za mahali ambapo tela huegeshwa au kuvutwa kwa namna inayohatarisha wapita njia. Ajali ikitokea, namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya zimamoto na uokoaji ni 114.

Waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wakizungumzia nyumba, ambayo hujengwa upya. Ufa wa kiungo cha tela ukiachwa, kinachoharibika huenda kisijengeke tena. Mabamba mawili, bolti zenye namba, minyororo miwili na dakika 10 za ukaguzi ni gharama ndogo ikilinganishwa na hasara hiyo.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji au kikundi

1. Tela yenye jumla ya kilo 800 inapaswa kuwa na uzito wa kiungoni wa kilo ngapi? (Jibu: kati ya kilo 80 na kilo 120.)
2. Kwa nini minyororo ya akiba haifungwi kwenye tufe au pini?
3. Fundi amependekeza kuchomelea kipande cha springi kwenye bampa. Taja sababu mbili za kukataa, na ueleze utakachomwomba afanye badala yake.
4. Je, kikundi kinaweza kuchangia tela moja yenye breki na kiungo kilichokaguliwa, badala ya kila mwanachama kuwa na tela yake isiyo salama?